Pango, vidimbwi, mikoko au Misali: uende wapi kuogelea?

Mtoto wa kaka yangu anasoma Moshi. Likizo iliyopita alikuja Unguja na taulo mbili begini na swali moja mdomoni: "Shangazi, chemchemi za huku ziko wapi?" Kule amezoea Chemka, yale maji ya Kikuletwa yanayoonyesha mpaka chini, na maporomoko ya Materuni ambayo unayapandia mlima. Nikamwambia huku mlima hatuna. Masingini, ambacho ndicho kilima chetu kikubwa Unguja, hakifiki hata mita 150. Ila maji ya kuogelea yaliyojificha, yale usiyoyaona mpaka uyafuate kwa miguu au kwa mashua, tunayo, tena ya namna nyingi. Tukabishana wiki nzima twende wapi, kwa sababu safari haikuwa ya vijana peke yao. Mama mdogo alitaka kwenda, wifi yangu na watoto wake walitaka kwenda, na mfuko ulikuwa mmoja.

Haya nimemwandikia aliyekwama pale tulipokwama sisi. Nimechagua sehemu nne ambazo nimezifikia mwenyewe: mapango ya maji ya Jambiani na Paje, vidimbwi vinavyobaki ndani ya mwamba wa pwani ya mashariki maji yakipwa, maji ya mikoko ya kisiwa cha Kwale, na kisiwa cha Misali huko Pemba.

Kwa nini sikuweka mto

Magharibi ya Unguja kuna udongo na vijito. Mwera na Zingwezingwe zinajulikana. Ukielekea mashariki unaingia kwenye maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe ya kale, na huko mvua haikai juu. Inazama, inakusanyika chini, na yale maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini. Mahali paa la jiwe lilipoporomoka ndipo pango linapofunguka na maji kuonekana.

Mito na mabwawa ya shamba nimeyaacha kwa makusudi, kwa sababu ya kichocho. Zanzibar imepigana na ugonjwa huu miaka mingi, kwa dawa zinazogaiwa skuli na majumbani, na umepungua sana, lakini haujaondoka Unguja wala Pemba. Konokono anayebeba kimelea chake hukaa kwenye vijito na madimbwi ya maji yasiyo na chumvi, na kimelea huingia kwa ngozi. Huhitaji kunywa maji hata tone. Mtoto aliyecheza mtoni akaanza kukojoa damu apelekwe kituo cha afya mara moja, dawa ipo. Baharini konokono huyo haishi.

Vipimo nilivyotumia

Kipimo cha kwanza ni maji yenyewe: kina, mkondo, na asiyejua kuogelea atafanya nini akifika. Hili nalitanguliza kuliko uzuri. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na kila ukoo huku una jina la kutaja. Tumezungukwa na maji, lakini nikiwahesabu wanawake wa ukoo wangu wanaojua kuogelea vidole vya mkono mmoja vinatosha. Ndiyo maana nawapenda mno wale wa mradi wa Panje, ulioanza Nungwi mwaka 2011 huohuo kuwafundisha wanawake na wasichana kuelea na kuogelea.

Kipimo cha pili ni wakati, yaani mwezi na pepo. Cha tatu ni njia na gharama. Cha nne ni stara na adabu: je, mwanamke anaweza kuingia majini na nguo zake za heshima bila macho kumfuata, na je, mahali pana wenyewe ambao inakupasa kuwaomba ruhusa? Mwisho nasema nani panamfaa.

Kuhusu wakati, kabla sijaingia kwenye sehemu zenyewe, tazama kalenda ya Kiislamu iliyoning'inia ukutani kwenu. Hiyo ndiyo ratiba ya maji. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, tuna bamvua: kuanzia tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17, maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Katikati yake, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24, ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua maji hupwa saa nne asubuhi hivi na kujaa saa kumi jioni hivi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Ukilijua hili, nusu ya uamuzi umeshafanya. Hata hivyo muulize mvuvi wa mahali pale asubuhi ya safari. Yeye anayaona maji, wewe unayahesabu.

Mapango ya maji ya Jambiani na Paje

Maji. Unashuka ngazi, na joto la nje unaliacha juu ya kichwa. Mizizi ya miti imepenya jiwe na inaning'inia hewani ikiyatafuta maji. Tone linaanguka, unalisikia kwanza, halafu unaliona duara lake likitanuka mpaka ukutani. Jua likiwa utosini mwanga unaingia kwa tundu la paa na kusimama ndani ya maji kama nguzo, na mtu aliye ndani yake anaonekana mpaka kucha za miguu. Maji ni ya baridi kuliko bahari, na yametulia.

Kutulia huko ndiko kulikompata mama mdogo. Ana miaka sitini na kitu na hajawahi kutia kichwa majini. Alikaa ngazi ya mwisho, akajifunga kanga ya pili kifuani, akatumbukiza miguu. Baada ya robo saa alikuwa ameketi ndani ya maji mpaka kiunoni, mkono mmoja umeshika jiwe. "Haya maji hayanivuti," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akisubiri kuvutwa. Bahari humvuta, hata ile ya magotini. Kwa asiyejua kuogelea, hakuna sifa kubwa ya pango kuliko hiyo.

Hatari yake ni nyingine. Maji meupe hudanganya macho: unaliona jiwe la chini ukadhani liko karibu, ukikanyaga hufiki. Mahali pamoja unasimama, hatua mbili mbele huna chini. Jiwe la pembeni linateleza likiwa na maji na lina makali likiwa kavu. Kuruka kutoka juu kusiwepo kabisa, hata kama kijana aliyetangulia ameruka akatoka salama. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kujiokolea, na aulize kama lipo kabla hajavua viatu.

Wakati. Mwezi hauna neno kubwa hapa. Ndiyo sehemu pekee kati ya nne hizi ambayo unaweza kuipanga bila kuuliza maji yamekupwa au yamejaa. Pepo za kusi zikichafua bahari mwezi wa sita na wa saba, pango halijui. Wakati wa masika njia za vumbi hugeuka tope na ngazi huteleza zaidi. Mimi napendelea kufika mapema kabla ya makundi ya wageni. Anayetaka ule mwanga wa kupiga picha avumilie watu wa saa sita.

Njia na gharama. Gari ya shamba namba 309 inakwenda Jambiani, safari ya zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini. Pango la Kuza liko Jambiani, Maalum liko upande wa Paje. Kutoka barabarani utatembea kwenye njia ya mawe na vichaka, au uchukue bodaboda. Yote mawili yana watunzaji na kiingilio. Bei ya wageni hutajwa kwa dola, kwa hiyo mkaazi aulize bei ya mkaazi kabla ya kutoa pesa, na achukue kitambulisho chake. Piga simu kwanza, kwani maji ni kidogo na watu hupangiwa zamu.

Stara na adabu. Pango ni dogo, hakuna pa kujificha. Mkiwa kundi la wanawake, omba saa yenu peke yenu, hasa ya mwanzo wa siku. Kuomba hakugharimu kitu. Utatakiwa uoge kwanza, mafuta ya jua na manukato yatoke mwilini. Usiudhike. Maji yale hayaendi popote: unachokiacha leo atakioga mwenzako kesho.

Halafu kuna wenyewe. Mapango mengi ya maweni yana mizimu, na watu bado hupeleka ubani, marashi na vitambaa. Hata usipoamini, usiguse, usihamishe, usipige picha vile vitu. Karibu na hapo kuna pango la Kuumbi, ambalo wataalamu wa mambo ya kale walilichimba na kukuta alama za watu wa zama za mawe pamoja na mifupa ya wanyama kama pundamilia, kutoka enzi ambazo Unguja ilikuwa imeungana na bara. Kuumbi si pa kuogelea, ila aliyefika Jambiani na nusu siku mkononi asilipite.

Panamfaa nani. Wazee wanaopanda ngazi polepole, watu wazima wanaojifunza kuelea, na anayesafiri bila nafasi ya kuchagua siku. Hapamfai mwenye magoti mabovu wala mama aliye peke yake na watoto wadogo watatu, kwa sababu ya ile hatua ya pili isiyo na chini.

Vidimbwi vya ndani ya mwamba, pwani ya mashariki

Maji. Asubuhi ya bamvua, Jambiani, Paje na Bwejuu bahari huondoka. Inarudi nyuma mpaka mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba, na nyuma yake inaacha uwanda wa mchanga, nyasi za baharini, na vidimbwi. Vingine ni vya kifundoni, vingine vya kiunoni, na jua likishavipiga saa moja vinakuwa na uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto. Ndani yake utaona kaa, jongoo bahari, vijisamaki vya rangi vilivyonasa kusubiri maji yarudi. Watoto wa wifi yangu walilala kifudifudi kwenye kidimbwi kimoja kisichozidi upana wa kitanda, na saa nzima hawakuinuka isipokuwa kuniita nije nitazame.

Lakini ni maji yanayokutaka uangalie unapokanyaga. Kuna vile viumbe vya miiba mieusi mirefu, kuna samaki aina ya taa waliojifukia mchangani, kuna samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe. Vaa viatu vya mpira au vya plastiki vinavyofunga, na ukitembea majini buruta miguu, usiinyanyue, taa akusikie akimbie. Mwaka mmoja nilijifanya mwenyeji, nikaenda miguu mitupu. Jiwe lilinichana unyayo kama kisu cha kupaa samaki. Mama mmoja aliyekuwa akifunga mwani alinikalisha kwenye gunia lake, akanisuuza, akachana ukingo wa kanga yake akanifunga, kisha akarudi kazini bila kusubiri asante.

Hatari kubwa ni kurudi kwa maji. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni saa sita na kidogo, lakini hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hutambaa, mtu akadhani ana wakati mwingi. Saa ya tatu na ya nne hukimbia, tena huingia kwa mikondo ya nyuma yako kabla hayajafika mbele yako. Kanuni yangu ni moja: maji yakigeuka, na sisi tunageuka. Na kamwe usiufuate mlango wa mwamba, pale maji ya ndani yanapotokea kwenda bahari kuu, hata yakiwa yametulia namna gani.

Wakati. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ya mwezi wa Kiislamu, fika saa mbili asubuhi, toka saa nne na nusu. Siku za maji mafu usiende, hakuna vidimbwi vya maana.

Njia na gharama. Nauli ya gari ya shamba na chakula mlichofunga. Hakuna kiingilio, hakuna mashua. Kwa familia yenye watoto wengi, hakuna cha bei ndogo kuliko hiki.

Stara na adabu. Hapa mwanamke mwenye dera na mtandio haonekani mgeni, kwa sababu wanawake wamejaa pwani na nguo zao tangu alfajiri. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na mashamba yale, vijiti na kamba zilizopangwa mistari, ni mali ya mtu. Usivuke kamba, usiwaache watoto wavute. Ukitaka kupiga picha, omba. Na samaki wa kwenye kidimbwi ni kitoweo cha wenyeji. Kombe hai na nyota za bahari viache mlipovikuta.

Panamfaa nani. Familia yenye watoto, mwenye mfuko mwembamba, na mwenye macho ya kupenda vitu vidogo. Anayetaka kupiga mbizi au kuogelea mita hamsini mfululizo atarudi na hamu yake.

Maji ya mikoko ya Kwale

Maji. Kwale ni kisiwa kidogo ndani ya eneo la hifadhi ya Ghuba ya Menai, lililotangazwa mwaka 1997. Bahari ikijaa, inaingia katikati ya mikoko na kufanya bwawa lililofungwa pande zote na kijani. Mashua inasimama mdomoni, mnaingia polepole. Mizizi imeinama majini kama vidole vilivyoshika kitu chini, na maji kando yake yana kivuli. Unaogelea bila wimbi, ingawa mkondo upo: unaingia nao maji yakijaa, na yakianza kutoka utauhisi kifuani. Chini kuna matope laini, kwa hiyo wengi huelea tu wasikanyage. Mtu akivaa jaketi la kujiokolea hapa hana haja ya kujua kitu. Jaketi moja kwa kila kichwa, na liwe la saizi yake. Mtoto aliyevalishwa la mtu mzima hutoka kwa chini.

Wakati. Hapa ndipo watu wengi huharibikiwa, nasi yalitufika. Nahodha tuliyempata alituhakikishia "bwawa lipo siku zote". Tulifika saa tano ya siku ya bamvua, tukakuta matope, mizizi mitupu na kaa wakitutazama. Pesa ya mashua ilikuwa imeshatoka. Hesabu sahihi ni hii: siku za bamvua maji hujaa saa kumi jioni, umechelewa kurudi. Siku za maji mafu hujaa asubuhi, lakini hayapandi vya kutosha. Tafuta katikati, tarehe 11 hadi 13 au 25 hadi 27, maji yanapojaa saa sita au saa saba mchana na nguvu yake inaongezeka. Siku hizo bwawa linakuwa bwawa, na mnarudi na jua.

Njia na gharama. Mashua huondokea Fumba, kama kilomita 20 kusini ya mjini. Safari huwa ya siku nzima pamoja na fungu la mchanga, samaki wa kuchoma na matunda. Kwa mtu mmoja ni ghali. Kumi mkichanga mashua ya kukodi, inabebeka. Kubalianeni yote kabla ya kupanda: saa ya kuondoka, saa ya kuingia kwenye mikoko, idadi ya majaketi, na chakula ni cha nani.

Stara na adabu. Mkikodi mashua yenu wenyewe, stara mnaipanga wenyewe. Kinamama wa mtaani kwetu huenda kwa kuchangishana, wakaogelea na madera yao wakiimba. Mkijiunga na safari ya wageni, mtakuwa na watu waliovaa kidogo, na hilo mlijue mapema kama mna wazee. Mikoko isikatwe wala kuning'inizwa vitu. Ndiyo nyumba ya vifaranga vya samaki tunaowala.

Panamfaa nani. Kundi la marafiki, sherehe ya familia, na wasiojua kuogelea wenye majaketi ya kweli. Hapamfai anayeshikwa na kichefuchefu baharini, wala asiye na hiari ya kuchagua tarehe.

Misali, Pemba

Maji. Hapa nitakuwa mkweli: kwa mtu anayejua kuogelea, sijaona maji kama haya. Unaingia kutoka mchanga mweupe, unaelea juu ya matumbawe mepesi ya kina cha mtu mmoja, samaki wanakupita kama hawakuoni. Kisha, si mbali, ukingo unakatika. Ulichokuwa unakiona chini yako kinakuwa buluu tupu, kwa sababu mkono wa bahari wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Mwili unajua kabla ya akili. Nilijikuta nimerudi nyuma mapigo matatu bila kuamua. Asiyejua kuogelea abaki upande wa kina kidogo, akiwa na jaketi na mtu wa kumwangalia yeye peke yake. Mikondo ya kule si ya kuonjwa, na hospitali iko ng'ambo ya maji.

Wakati. Miezi ya kaskazi, na ile ya tanga mbili pepo zinapobadilishana, bahari hulala na maji huwa meupe zaidi. Kusi likivuma, Pemba yenyewe inakikinga kisiwa kwa kuwa kiko magharibi yake, lakini safari ya kutoka Unguja hadi Pemba ndiyo itakayokutikisa.

Njia na gharama. Ndiyo sehemu ya mbali kuliko zote. Boti kutoka Unguja hufika Mkoani, kisha kama kilomita 30 hadi Chake Chake. Au ndege inayotua Chake moja kwa moja. Kutoka Chake unakwenda Wesha, unakodi mashua, na Misali iko kama kilomita 10 baharini. Kuna ada ya hifadhi. Weka angalau siku mbili. Kisiwani hakuna duka: maji ya kunywa, chakula na kivuli chako unabeba, na taka unarudi nazo.

Stara na adabu. Wapemba wanasimulia kwamba Nabii Hadhara alifika pale, akaomba msala wa kusalia, ukakosekana; akasema kisiwa chenyewe, kilivyoelekea kibla, kitakuwa msala wake. Ndipo jina lilipotoka. Wavuvi hupiga dago kisiwani, yaani kambi yao ya muda, na yapo mapango wanayoyaheshimu, kwa hiyo ingia kama unavyoingia uwanja wa msikiti: nguo za heshima ukiwa nchi kavu, sauti ya chini, ruhusa kwanza. Misali ilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, na kazi yake ilisifika kwa kuwa mafunzo ya dini yenyewe yalitumika kuwaeleza wavuvi kwa nini matumbawe na kasa watunzwe. Kuna upande usiovuliwa kabisa. Muulize mlinzi mipaka yake. Usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka. Elea chali upumzike.

Kwa mwanamke anayetaka faragha, siku ya kazi isiyo na wageni Misali ina pwani ndefu tupu. Wifi yangu aliogelea na nguo yake ndefu ya kuogelea iliyofunika kichwa, akasema kwa mara ya kwanza hakutazama nyuma.

Panamfaa nani. Anayejua kuogelea, mwenye siku na akiba, na anayeipenda kimya. Watoto wadogo na wazee wanafika, lakini kwa jua lile na mashua ile ni lazima muwe wengi wa kuwasaidia.

Majina mengine utakayotajiwa

Bwawa la kasa la Mnarani, Nungwi, lilianzishwa na wanakijiji mwaka 1993 kwa ajili ya kuwahifadhi kasa. Nenda ukawaone. Kuingia nao majini mimi siafiki. Mafuta na mikono yetu haviwasaidii. Pango la Mangapwani lina maji matamu chini, lakini ni mahali pa historia na pa watu kuweka nadhiri, si pa kujirusha. Pwani ndogo ya Mtende, katikati ya majabali, ni nzuri mno maji yakipwa. Yakijaa mchanga humezwa, basi ile kalenda ya ukutani ihesabu na huko.

Kwa hali yako

Una siku moja, huwezi kuchagua tarehe, na kuna mzee: pango, asubuhi, saa yenu peke yenu, jaketi mkononi.

Una watoto na pesa ya nauli tu: subiri bamvua, nenda vidimbwini na viatu. Bamvua ikiwa imepita, usilazimishe. Wiki mbili si nyingi.

Mko kumi na mnaweza kuchanga: Kwale, tarehe 12 au 26, na mkataba wa maneno na nahodha mbele ya mashahidi.

Unajua kuogelea vizuri na umechoka na watu: Misali, usiende peke yako majini.

Hujui kuogelea na unataka kujifunza mwaka huu: anza pangoni kwa kukaa kama alivyokaa mama mdogo, mara mbili au tatu, mpaka uso uingie majini bila woga. Kisha Kwale na jaketi. Misali iache ya mwisho.

Una siku mbili Unguja na bamvua imeangukia humo: lala Jambiani. Vidimbwi saa mbili asubuhi, pumzika, kisha pango alasiri makundi yakishaondoka. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi mwishowe. Mtoto wa kaka yangu sasa amerudi Moshi. Juzi amenitumia ujumbe akiuliza mwezi unaandama lini.